Tujifunze Pamoja: Lulu ya Bibi

Wengine tulikimbia na mkufu wa lulu wa bibi tu. Kodi ya nyumba ikikubana, usiuuze kabla ya kuujua.

Lulu haichimbwi. Kitu kikimwingia chaza mwilini, anakifunika kwa matabaka membamba, moja juu ya lingine. Kule Fumba, Unguja, akina mama wamefuga chaza wakapata lulu nusu.

Kupima: isugue polepole kwenye meno. Ya kweli inakwaruza kama mchanga laini. Ya plastiki inateleza.

Kutunza: ndimu, siki na marashi vinaila. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, iweke mbali na vyuma. Uzi ukilegea, tunga upya.

Tuonane mwezi ujao.
Mwalimu wenu