Sabuni Nayo ni Dawa ya Matende

Neno "dawa" limetupotosha. Tulisikiapo, fikira zetu hukimbilia tembe na sindano. Mwenye matende kule Lamu au Jomvu, aliyemeza tembe zilizogawiwa mwaka wa 2018 akangoja mguu upungue usipungue, ana haki ya kudhani alidanganywa.

Hakudanganywa. Tembe zile huua vijinyoo vilivyomo katika damu ili mbu asivisambaze kwa wengine. Mishipa ya limfu iliyokwisha kuharibika haziirudishi. Mguu wenyewe wataka kazi ya kila siku: kuoshwa kwa maji safi na sabuni, kukaushwa taratibu hadi katikati ya vidole, kuinuliwa mtu aketipo, na kila mchubuko kutibiwa mapema. Bakteria wakipenya katika nyufa za ngozi, huleta homa na maumivu makali, na kila shambulio huzidisha uvimbe.

Sisi walimu hufundisha kwamba matende huletwa na mbu, kisha tukafunga kitabu. Mwanafunzi hurejea nyumbani akijua jinsi nyanya yake alivyoambukizwa, asijue namna ya kumsaidia kuuosha mguu ule.