Baba Mwanafunzi

Kuko wenye wanamucheka baba yangu juu anajifunza kushona pamoja na vijana. Usiku yeye ni sentinele. Asubuhi analala masaa mawili tu, kisha anaenda kwa fundi. Kazi hataki kuiacha mbele ya kujua ufundi. Mimi naona ana haki. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa hiari, wakapewa feza mara moja. Feza ya namna hiyo inaisha haraka kama mikono haijajua kazi ingine.

Lakini malipo ya fundi yanatoka ku minervali yetu. Mudogo wangu amekwisha kufukuzwa darasani. Nilikasirika sana. Sasa kila jioni namusomea baba vipimo, macho yake yamechoka.