Nani kasema mgonjwa wa presha ni mbishi?

Hivi jamani, ni nani aliyeanzisha huu wimbo kwamba wagonjwa wetu wa presha na sukari ni wabishi? Mtu anafikishwa hospitali mdomo umepinda, anaulizwa, "Ulikuwa unakunywa dawa?" Anajibu, "Nilimaliza dozi." Basi, kesi imekwisha: mbishi!

Mbishi wapi? Miaka yote tumemfundisha kwamba dozi humalizwa. Mseto wa malaria ni siku 3, umepona. Sasa kapewa vidonge vya presha vya siku 30, kavimaliza, kichwa hakimuumi. Amefuata somo letu! Nani alimwambia kwamba dozi hii haina mwisho, na kwamba presha ya 160/100 inaweza kukaa kimya bila kuuma popote?

Msiniambie haiwezekani. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, utaratibu haukuwa kumpa mtu kopo na kumwambia nenda. Alipewa ushauri nasaha kwanza, akatakiwa awe na ndugu wa kumkumbusha, na wahudumu wa majumbani walimfuata. Mama asiyejua kusoma aliijua CD4 yake. Kwa nini mwenye presha aambulie "punguza chumvi" tu?

Ndugu zangu manesi wa zahanati, mnaofika mitaani, msimuulize mgonjwa "umeelewa?" Atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie, "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje mwanao dawa hizi?" Akichanganya, eleza upya. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku. Mgonjwa hana mzani, mwonyeshe kijiko kimoja cha chai, na mwambie chumvi ya ng'onda nayo inahesabiwa. Ile "1x2" ya kwenye bahasha igeuzeni iwe asubuhi na jioni.

Najua mtasema manesi ni wachache na foleni ndefu. Kweli kabisa, na serikali iajiri. Lakini foleni hiyo hiyo ni darasa! Watu wamekaa saa tatu wanatazama ukuta, dakika 10 za kuwaeleza dawa zao zinakosekanaje?

Kwa hiyo kabla hatujamwita mtu mbishi, tuulizane kwanza nani alimfundisha, na alimfundisha nini.

Nawasilisha.