Shujaa wa Kike na Hila ya Wachuuzi

Yako maneno ambayo husemwa kwa wepesi, na kwa kuwa yamesemwa mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kweli. Miongoni mwake ni haya mawili: kwamba mchezo wa video ukimweka mwanamke mbele kama shujaa hauuzi; na kwamba kijana wa kiume anayechagua kucheza kwa umbo la mwanamke ana ila katika uanaume wake. Kauli ya kwanza hutoka katika ofisi za makampuni makubwa ya ng'ambo. Ya pili husikika popote vijana wakusanyikapo mbele ya skrini moja, iwe Montreal au Mombasa. Kauli hizi ni ndugu wa tumbo moja, na zote mbili hazina budi kukataliwa.

Michezo inayozungumzwa hapa si ile ya kufukuza mpira wala ya kushindana kwa magari. Ni michezo ya kuvaa uhusika, ambamo mchezaji hupewa mtu wa hadithi, akamchagulia sura, silaha na maneno ya kusema, kisha akamwongoza kwa makumi ya saa hadi mwisho wa safari yake. Aghalabu swali la kwanza, kabla hadithi haijaanza, ni hili: mwanamume au mwanamke? Swali ni jepesi kulijibu, lakini nyuma yake ipo historia.

Michezo hii ilianzia mezani, kwa karatasi na dadu, pale Dungeons & Dragons ilipochapishwa Marekani mwaka 1974. Kitabu cha wachezaji kilichotolewa mwaka 1978 kilikuwa na jedwali la nguvu za mwili. Binadamu mwanamume aliweza kupanda hadi daraja la juu kabisa. Mwanamke aliwekewa ukomo chini yake. Haya yalikuwa katika mchezo uliojaa mazimwi yanayopumua moto na wachawi wanaoruka angani! Watungaji wake waliweza kuyakubali mazimwi, lakini mwanamke mwenye nguvu sawa na mwanamume aliwashinda kumkubali. Kanuni hiyo iliondolewa katika toleo la mwaka 1989. Upande wa kompyuta, Ultima III ya mwaka 1983 ilimwachia mchezaji achague jinsia ya wahusika wake, na Dragon Quest III ya Ujapani ikafanya hivyo kwa shujaa wake mwaka 1988. Ama Pokémon, iliyoanza mwaka 1996, haikumpa mchezaji umbo la msichana mpaka mwaka 2000. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ugumu ulikuwa wa mitambo. Waliotaka waliweza mapema.

Na itazamwe hoja ya soko. Mwaka 2007 kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Mass Effect, hadithi ya nahodha wa chombo cha angani aitwaye Shepard. Mchezaji alikuwa huru kumfanya Shepard mwanamume au mwanamke, na sauti ya kike iliyotolewa na Jennifer Hale ilisifiwa sana. Mwaka 2011 kampuni ilitaja kwamba wachezaji waliomchagua Shepard wa kike walikuwa asilimia 18 tu. Wapinzani walishangilia: soko limeshasema! Hawakuuliza soko lilionyeshwa nini. Jalada la mchezo wa kwanza lilikuwa na uso wa mwanamume. La mchezo wa pili, mwaka 2010, vivyo hivyo. Mtu aliyenunua mchezo kwa kuona uso fulani, akaukuta uso huohuo ukimngoja alipouwasha, ataambiwaje kwamba alichagua? Alipokea alichopewa.

Mwaka 2012, katika mchezo wa tatu, ndipo Shepard wa kike alipopata jalada, nalo lilikuwa upande wa pili wa karatasi, la kugeuzwa na anayetaka. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, mashabiki waliitwa wapige kura kuchagua sura na nywele zake, kama kwamba ni mashindano ya urembo. Shepard wa kiume hakupitishwa katika mnada huo. Hata hivyo, mkusanyiko wa michezo hiyo mitatu ulipotolewa upya mwaka 2021, kampuni ilieleza kwamba waliomchagua mwanamke walifikia asilimia 32. Tofauti hiyo haina sababu moja, na wanunuzi wa baadaye si lazima wawe kama wale wa awali. Lakini inatosha kubatilisha dai kwamba matakwa ya wachezaji ni ukuta usiosogea. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa mwamba ngoma ameivuta ngozi upande mmoja miaka mingi, kisha akasema ngozi ndiyo iliyoegemea huko.

Kisa cha pili kinasikitisha zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Odyssey, hadithi ya vita vya Sparta na Athens. Mchezaji huchagua mmoja kati ya ndugu wawili, Kassandra na kaka yake Alexios. Asiyechaguliwa hurudi katika hadithi akiwa adui, jina lake Deimos. Katika kasha la kawaida, uso wa mbele ulikuwa wa Alexios. Lakini riwaya iliyotolewa mwaka uleule kuandamana na mchezo ilimfanya Kassandra kuwa shujaa wake. Kisha mwaka 2020 shirika la habari la Bloomberg likaripoti kwamba watengenezaji walikusudia Kassandra awe mhusika mkuu pekee, wakaambiwa na wakubwa wao kwamba mwanamke hauzi. Ikiwa ndivyo, basi uhuru wa kuchagua aliopewa mchezaji ulikuwa njia ya kumsogeza kando mwenye hadithi yake.

Wapo wanaojibu kwamba yote haya ni kelele bure, kwa kuwa shujaa wa kike wa michezo hii ni mwanamume aliyebadilishwa sura: maneno ni yale, vita ni vile, mwisho ni uleule. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Uvivu wa watunzi upo, na Kassandra hushindana katika michezo ya Olimpiki ya kale ambamo wanawake hawakuruhusiwa kushindana, bila ya hadithi kulipa jambo hilo uzito unaostahili. Lakini nusu iliyobaki ni kosa, na mpenzi yeyote wa taarabu anajua kwa nini. Shairi moja likiimbwa leo na mwanamume na kesho na mwanamke, herufi hazibadiliki, lakini wasikilizaji hawasikii jambo moja. Lawama inayotoka kinywani mwa mwanamke humfika mlengwa kwa njia nyingine. Kiapo hupata uzito mwingine. Nahodha wa kike anayetoa amri ileile, ikatiiwa na kikosi kizima bila ya mtu kushangaa, amekwisha kusema jambo ambalo nahodha wa kiume hawezi kulisema.

Inabaki kauli ya pili, ya kumkejeli kijana. Kwanza ikubaliwe kwamba wapo wanaomchagua mwanamke kwa sababu ya kumtazama tu, na wapo wachoraji wanaowavisha wanawake wa vita mavazi yasiyoweza kuzuia hata mwiba, seuze upanga. Aibu hiyo ni yao. Wala dawa yake si kumwondoa mwanamke. Dawa ni kumpa akili, hofu, maamuzi na majuto. Mtu aliyepewa hayo ni vigumu kumgeuza picha ya ukutani.

Ama kijana aliyemchagua kwa kutaka kuiona dunia kwa macho yasiyokuwa yake, huyo amefanya kosa gani? Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa binti yake. Wanaume wameunakili, wameughani na kuuchambua, na wanapoughani husema kwa nafsi ya mama. Hakuna aliyewauliza juu ya uanaume wao. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alimjenga Maimuna katika Utengano, na wavulana wa shule wakafuatana naye ukurasa kwa ukurasa katika masaibu yake. Kuazima nafsi ni kazi ya kwanza ya fasihi. Vipi basi jambo linalosifiwa katika kitabu likawa fedheha katika skrini?

Na lugha yenyewe ni shahidi. Kiswahili kikisema alisafiri, akapigana, akashinda, hakijasema kama ni mwanamume au mwanamke. Msikilizaji ndiye anayeharakia kumwona mwanamume, kwa sababu amezoezwa hivyo. Kinachohitaji kusahihishwa ni mazoea.

Mazoea hayo yana umri mrefu, na pwani hii haiwezi kujitoa lawamani. Kila mtu anamjua Fumo Liyongo. Wangapi humkumbuka Saada, kijakazi aliyepita mbele ya walinzi na mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, tupa iliyokata minyororo ya shujaa? Laiti walinzi wangaliuvunja mkate ule, Liyongo asingalitoka, na yaelekea Saada asingalirudi. Ujasiri ulikuwa wake, lakini yeye amebakia mbeba mkate. Michezo ya video kwa miaka mingi imewapa wanawake nafasi hiyohiyo: kutibu majeraha, kufungua mlango, kungoja kuokolewa.

Basi anayetengeneza mchezo na amwandikie mwanamke hadithi iliyo yake, amweke katika jalada bila ya kumpigia kura, ndipo ahesabu mauzo. Na anayemcheka kijana mbele ya skrini amwache acheze. Huenda kijana huyo, kwa makumi ya saa alizotembea na nahodha wa kike, akawa wa kwanza kuuliza hadithi ya Saada ingekuwaje lau ingalianza na yeye.