Mahali Pema Peponi, kwa Nani?

Tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, matangazo ya vifo yaliposomwa na mtu akasitisha tonge mkononi asikie litatajwa jina la nani, mpaka leo taarifa za misiba zinapopokewa kwa simu, sijapata kusikia tangazo hata moja lililomalizika kwa kusema kwamba marehemu amekwenda motoni. Awe mzee wa kanisa au mlevi wa kilabuni, awe aliyefunga ndoa au aliyeishi na mwenzake bila cheti, awe amefia kitandani au ameuawa na wananchi wenye hasira kwa kuiba redio, wote huagwa kwa maneno yale yale: Mungu aiweke roho ya marehemu mahali pema peponi. Nasi tulio chini ya turubai, Wakristo kwa Waislamu, huitikia amina.

Amina hiyo ndiyo ninayotaka tuitafakari, ndugu msomaji, kwa sababu wengi wetu tunaoitikia msibani husikiliza jambo jingine kabisa siku ya mkutano wa injili, na hapo pia tunaitikia amina.

Hapa Sinza, mtaa uliopimwa katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 na ambao sasa umejaa nyumba, baa na maduka, bado hakukosekani kiwanja cha kusimika jukwaa na spika. Mhubiri anashika kipaza sauti na kuuliza: ukigongwa na gari usiku huu, utaamkia wapi? Kisha anajibu mwenyewe. Asiyeokoka ataamkia motoni. Anayesali rozari ataamkia motoni. Anayeswali msikitini ataamkia motoni. Maneno hayo yanamfikia mama anayekaanga mihogo, yanamfikia kijana wa bodaboda, yanamfikia jirani Mwislamu anayekwenda kuswali isha. Na moto unaotajwa hauna kesho wala keshokutwa. Ni wa milele, na ni kwa walio wengi wa mtaa huu. Ajabu ni kwamba mhubiri huyo huyo akifiwa na baba yake mzazi ambaye hakuwahi kuokoka, tangazo lake nalo litasema mahali pema peponi.

Kati ya midomo hiyo miwili, mmoja unakosea. Mimi nasema ni ule wa jukwaani. Ninatumaini, na ninaomba, kwamba mwishowe Mungu atawaokoa watu wote aliowaumba, bila kumwacha hata mmoja. Na ninaona kwamba anayelikataza tumaini hilo ndiye mwenye deni la kujieleza, kuliko anayelishika.

Wapo watakaodakia kwamba haya ni mafundisho ya kisasa ya Wazungu waliochoka na kanisa. La hasha. Mwalimu wa kale aliyevuma kuliko wote kwa fundisho hili alikuwa mtu wa bara letu, Orijeni wa Aleksandria nchini Misri, aliyezaliwa karibu na mwaka 185. Baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe aliteswa gerezani katika mateso ya Kaisari Decius mwaka 250, akafariki miaka michache baadaye. Huyo si mtu wa kudhaniwa kwamba alitafuta dini ya mteremko. Ni kweli kwamba mwaka 553, miaka 300 baada ya kufa kwake, Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli ulimlaani kwa jina, na wapinzani wa tumaini hili hupenda simulizi iishie hapo. Lakini haiishii hapo. Gregori wa Nisa, aliyefundisha katika karne ya 4 kwamba uovu wote utakwisha na viumbe wote watarudi kwa Mungu, hakulaaniwa, na mpaka leo Wakatoliki na Waorthodoksi wanamwita mtakatifu. Naye Isaka wa Ninawi, aliyezaliwa pwani ya Ghuba upande wa Qatar katika karne ya 7, aliandika kwamba moyo wenye huruma huwaombea viumbe wote, hata mashetani.

Biblia yenyewe inasemaje? Paulo anamwandikia Timotheo kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe (1 Timotheo 2:4). Anawaandikia Warumi kwamba kama kosa la mmoja lilivyowaangukia wote, ndivyo na tendo la haki la mmoja linavyowafikia wote (Warumi 5:18). Sijaona popote ambapo mhubiri wetu anapunguza neno "wote" linapohusu dhambi. Wote tumetenda dhambi, na hapo hataki ubaguzi. Lakini linapokuja suala la neema, neno hilo hilo katika sentensi hiyo hiyo linageuka kuwa "baadhi." Nani aliyempa mkasi huo?

Siyafichi maandiko ya upande wa pili. Mathayo 25:46 inataja adhabu ya milele, na asiyetetemeka akiisoma hajaisoma. Neno la Kigiriki linalotafsiriwa "milele" hapo ni aionios, nalo linatokana na neno lenye maana ya zama. Wasomi wamebishana karne nyingi juu ya uzito wake, wala mimi sitaumaliza ubishi huo. Ninachoomba ni kwamba anayeunukuu mstari huo asome sura yote. Katika hukumu ile hakuna anayeulizwa dhehebu lake, wala kama aliongozwa sala ya toba. Wanaulizwa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Ikiwa sura hiyo ni ya kutisha, basi imtishe kwanza mwenye spika, maana mama wa mihogo amekuwa akilisha wenye njaa kwa mkopo tangu afungue meza yake.

Mjadala huu si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Profesa John Mbiti, Mkenya wa Ukambani aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapa kitabu chake juu ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na jinsi Waafrika walivyoyapokea. Alionyesha namna waumini wa Kikamba, waliofundishwa na Africa Inland Mission, walivyouchukua moto wa jehanamu na nchi ya mbinguni kama vitu vya kushikika, na katika hoja zake akaegemea upande wa tumaini kwamba hakuna nafsi itakayofaulu kumkimbia Mungu daima. Mwaka 1975 Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa Katibu Mkuu wa umoja wa Wainjilisti wa Afrika na Madagaska, alimjibu kwa ukali katika kitabu kilichochapwa Kisumu. Alimshutumu kwamba anaipeleka Afrika kwenye fundisho la wokovu wa wote, na kwamba fundisho hilo litaua uinjilisti. Mwezi Desemba mwaka huo huo Kato alizama baharini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 39. Mbiti aliishi mpaka 2019. Ubishi wao haukupata nafasi ya kuiva.

Namheshimu Kato, kwa sababu alijua anachokitetea. Hoja yake inastahili jibu: kama wote wataokolewa, kwa nini tuhubiri? Jibu langu ni swali. Daktari humtibu mgonjwa kwa sababu gani: kwa kuwa asipotibiwa atateswa milele, au kwa kuwa anaumwa leo? Mtu anayempiga mkewe, anayekula fedha za yatima, anayelala na chuki, yumo tayari katika jehanamu na anawaingiza wengine humo. Kumtoa hakuhitaji vitisho vya kesho. Injili maana yake ni habari njema, na habari njema husemwa kwa kuwa ni njema, kama vile mtu anavyokimbia kuwaambia jirani kwamba maji yametoka bombani.

Tena kuna suala la wazee wetu. Husimuliwa habari za Radbod, mfalme wa Wafrisia huko Ulaya aliyefariki mwaka 719, kwamba alikuwa ameshatia mguu katika maji ya ubatizo alipouliza wako wapi babu zake ambao hawakubatizwa. Alipoambiwa wako jehanamu, akautoa mguu wake, akasema ni afadhali akae na wazee wake. Iwe ni kweli au ngano, kila Mwafrika mwenye akili anamwelewa. Babu yangu aliyekufa kabla mmisionari hajafika kijijini alikosa nini? Alikosa meli ya kumletea mmisionari. Ikiwa Mungu anamchoma mtu milele kwa sababu ya ratiba ya meli, basi mzee wa baraza la kijiji ana haki kuliko Mungu. Na Kanuni ya Imani tunayoikariri inasema Kristo alishuka mpaka kwa wafu. Alikwenda kutembea?

Hoja inayosemwa mitaani zaidi ni hii: watu wakiacha kuogopa moto watafanya watakavyo. Hapa sina haja ya kubuni mfano. Mwezi Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Nyuma yao walibaki wafu. Walio wengi sana nchini humo walikuwa wamebatizwa, na jehanamu waliifahamu tangu katekisimu. Watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji mwaka 2003 na padri mwaka 2006. Waliotakiwa kuhubiri moto hawakuuogopa wenyewe. Hofu ya moto wa kesho haikuzuia panga la leo, kwa sababu kila muuaji alikuwa amejihesabu upande wa walio salama. Hapo ndipo penye sumu ya fundisho hili: ukishazoea kuamini kwamba jirani yako ni kuni za Mungu, haikugharimu sana kumwona ni kuni zako.

"Je, na wauaji wale wataingia peponi?" Swali hilo ni zito kuliko yote, na asiyelisikia uzito wake asizungumze habari za wokovu wa wote. Simwambii mjane wa Rwanda asamehe. Sina haki hiyo. Lakini sisemi pia kwamba muuaji ataingia jinsi alivyo, panga mkononi. Gregori aliufananisha moto wa Mungu na moto wa kusafishia dhahabu. Sonara hachomi pete kwa kuichukia. Anachoma takataka ili dhahabu ibaki, na penye takataka nyingi moto hukaa muda mrefu. Muuaji atalazimika kuuona uso wa aliyemuua, kulisikia jina lake, kuyabeba machozi ya mama yake, mpaka awe mtu ambaye angetoa uhai wake ili tendo lile lisiwe limetendeka. Mateso yasiyo na mwisho hayamfikishi mtu hapo; yanamwacha muuaji akibaki muuaji daima, na Mungu akiwa mlinzi wa gereza lake. Huo ungekuwa ushindi wa nani?

Msidhani haya ni mabishano ya vitabuni tu. Mtaani kwetu alifariki mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula. Hakuwa amefunga ndoa kanisani na mwanamume aliyezaa naye watoto watatu, na bahasha zake za ahadi zilikuwa tupu kwa muda mrefu. Kanisa lake, ambalo sitalitaja, likakataa kumzika. Watoto wakaambiwa mama yao alijitenga mwenyewe. Hakuna aliyelitamka neno jehanamu, lakini kila mtoto alilisikia. Majirani walichanga, vijana wa Kiislamu wakashiriki kuchimba kaburi, na mwinjilisti mstaafu wa dhehebu jingine akasoma sala. Wote waliokuwapo wakaitikia amina. Nauliza: siku ile kanisa lilikuwa wapi? Mlango wa mbinguni ukishafanywa mali ya kamati, bahasha inakuwa ufunguo, na anayefungiwa nje kila mara ni maskini. Sijawahi kusikia tajiri aliyekosa mchungaji wa kumzika.

Najua nitaambiwa nakufuru. Basi nawapa wanaoniambia hivyo sharti moja la haki. Kama mnaamini kwa dhati kwamba walio wengi wa jirani zetu wanakwenda kuteswa bila mwisho, lisemeni hilo mbele ya jeneza la mama yenu mzazi. Toeni tangazo la kifo lenye neno hilo. Ikiwa ulimi unakataa, na ninajua utakataa, usiutume kwa mama wa mwenzenu. Wakatoliki wa mtaa huu wakisali rozari katika jumuiya humwomba Yesu aziongoze roho zote mbinguni. Nao wanautaja moto, lakini hawasemi azibakize nyingine. Ombi hilo kila Mkristo anaweza kulisema bila kuvunja imani yake.

Katika Luka 15 yule kaka mkubwa alikuwa na hoja zote. Alifanya kazi, hakuvunja amri, na mdogo wake kweli aliitapanya mali. Baba hakubishana na hesabu zake. Alitoka nje, akamsihi aingie. Hatuambiwi kama aliingia. Tunachoambiwa ni kwamba ndani kulikuwa na karamu, na kwamba siku ile mtu pekee aliyebaki nje alikuwa yule aliyekasirika kwa sababu mwenzake ameingizwa.