Askari Aliyefia Ugenini Anatudai Jina Lake

Mjini Canberra, katika nchi ya Australia, umejengwa ukumbi wa ukumbusho ambao kuta zake zimepigwa mabamba ya shaba, na juu ya mabamba hayo yamechorwa majina zaidi ya 100,000 ya wana wa nchi ile waliokufa vitani, wengi wao katika ardhi ambazo mama zao hawakujaliwa kuziona. Wala cheo cha mtu hakikutajwa, jemadari na kuruta wamekaa sawasawa, na kila siku, kabla milango haijafungwa, husomwa mbele ya hadhara habari za mmoja wao: alizaliwa wapi, alishika kazi gani, mauti yalimkuta wapi. Mtu wa kawaida kabisa, aliyefia Ufaransa zaidi ya miaka 100 iliyopita, hata leo ana siku yake ya kutajwa.

Basi sisi watu wa Kivu, tulio na wafu wa namna hiyohiyo, tunaweza kumtaja nani?

Vita vya kwanza vya dunia havikuwa mbali nasi. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa Kisenyi, mwendo wa miguu kutoka hapa Goma; Septemba ya mwaka ule wakakitwaa kisiwa cha Idjwi, na vilima vya Kibati vikalia bunduki. Aprili 1916 Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya jemadari Tombeur, likavuka mpaka kuingia Rwanda, Mei likawa limefika Kigali, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora, ushindi ambao Wabelgiji wameusimulia kwa fahari kubwa. Lakini askari hali risasi wala halali juu ya fahari. Nyuma yake walikuwako wapagazi, ambao kwa muda wote wa vita wanakadiriwa kuwa 260,000, na hao ndio ninaowalilia zaidi. Mfikirie mtu aliyetolewa na Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, katika joto la mabonde, akatwikwa kichwani sanduku la risasi, akapandishwa katika baridi na mvua ya milima hii bila nguo ya kumsitiri, usiku akajilaza juu ya mawe makali ya volkano, na asubuhi akaamshwa kabla viungo havijapata moto. Akipatwa na kichomi au kuhara damu, mzigo ulihamia kwa mwenzake, na safari ikaendelea.

Vita vya pili vya dunia vikawachukua watu wetu mbali zaidi. Mwaka 1941 askari wa Kongo walifika Uhabeshi, wakapigana Asosa na Gambela, wakateseka kwa njaa na maradhi chini ya mlima wa Saio, hata tarehe 3 Julai jemadari Gazzera wa Italia akasalimu amri. Bukavu iko kambi yenye jina hilo la Saio, na maelfu ya watu hupita mbele yake bila kujua kwamba jina hilo ni la mahali walipozikwa babu zao. Wengine walivuka bahari mpaka Burma wakiwa wauguzi na wabeba majeruhi. Mmoja wao, Koplo Albert Kunyuku, alivikwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwaka 2022, naye alikuwa na umri wa karibu miaka 100. Nafurahi kwamba alivikwa. Lakini nishani humfikia aliyerudi.

Yuko atakayeniambia kwamba vita vile vilikuwa vya wakoloni, na kwamba kuwakumbuka waliokufa humo ni kumtukuza mkoloni. Hoja hii naiheshimu, ila siikubali hata kidogo. Kwani aliyewachukua watu wale hakuhitaji majina yao, alihitaji mabega yao, na sisi tukikataa kuwataja tunaikamilisha dhuluma aliyoianza yeye. Wala tusikae kungoja insafu kutoka Ulaya. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika na wengineo wengi sana waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina, ikaomba radhi. Lakini hakuna radhi inayoweza kurudisha jina ambalo ukoo wenyewe umelisahau.

Atakuja na mwingine aseme kwamba Goma ina wafu wapya wa kutosha. Ni kweli, tena inauma: Januari 2025, vita vilipoingia mjini, maiti nyingi zilizikwa kwa haraka. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza leo, kwa kuwa mkono uliozoea kuandika majina ya wafu wa zamani hautawaacha hawa wapya wapotee vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ewe kijana uliye na bibi au babu angali hai, keti naye wiki hii na daftari mkononi. Muulize ni nani katika ukoo aliyekwenda vitani asirudi. Andika jina lake na la baba yake, kijiji chake, mwaka aliochukuliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kisha nakili mara mbili, nakala moja uipeleke parokiani au msikitini, na nyingine kwa jamaa anayekaa mbali na Goma, kwa maana volkano ya Nyiragongo ilikwisha kuteketeza nyumba zetu mwaka 2002 na tena 2021, na karatasi zilizokuwa ndani hazikupona.