Taa Ikimeta Haimaanishi Mlango Unalindwa

Nianze na hili, halafu mnitukane baadaye: usimlipe fundi wa alamu mpaka king'ora kilie na ukisikie kwa masikio yako. Si taa. King'ora.

Najua yasikika kama ukali. Ngojeni kisa.

Mamkubwa anakaa Kuze, ghorofa ya kwanza, peke yake. Wanawe wako Gulf. Usiku mmoja watu walijaribu kuvunja mlango wa chini, wakakimbia jirani alipowasha taa. Sisi vijana wa nyumba tukachanga, tukanunua alamu isiyo na waya: paneli moja, king'ora, na sensa ya mlango. (Sensa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kidude cha kubandika kinachojua mlango umefunguliwa.) Hakuna aliyetaka kutoboa kuta za nyumba ya zamani kupitisha nyaya, kwa hivyo hilo lilikuwa wazo zuri tu.

Fundi akaja, akabandika, akafungua mlango. Taa nyekundu kwenye sensa ikameta. "Mwaona? Iko sawa." Tukatuma pesa, akanywa chai, akaenda zake.

Siku ya tatu, binamu yangu alirudi kutoka msikitini alfajiri. Alamu imewashwa tangu usiku. Akafungua mlango wa chini, akapanda ngazi mpaka juu. Kimya. Na kilichoniuma zaidi ni hiki: tangu alamu ifungwe, mamkubwa alikuwa ameacha kutia komeo la mbao usiku. Kwa nini ajisumbue, si kuna mashine? Yaani tulimchangia pesa tukamwacha wazi kuliko mwanzo.

Nilipofungua orodha ya vifaa kwenye paneli, sensa haikuwemo. Hazikuwahi kushikana hata siku moja.

Sasa mbona taa ilimeta? Manake sensa nyingi za bei ya chini huongea tu, hazisikii. Mlango ukifunguka, sumaku inaachana na sensa, sensa inarusha ujumbe hewani na taa inameta. Taa inasema "nimeshaongea". Haisemi "nimesikika". Anayejua kama ujumbe umefika ni paneli peke yake. Ni kama kumpigia mtu kelele dirishani ukaondoka bila kujua kama yuko nyumbani.

Tulimpigia fundi, akasema ni waifai. La. Kwenye seti kama yetu, waifai ni ya paneli kukutumia ujumbe kwenye simu. Sensa inazungumza na paneli kwa redio yake yenyewe, hata intaneti ikiwa imekatika.

Tukakaa wenyewe na kidude mezani. Tulichojifunza ni hiki:

Kwanza, soma nambari ya masafa nyuma ya sensa na nyuma ya paneli. Seti nyingi za bei ya chini ni 433 MHz. Nyingi za Ulaya ni 868. Za Marekani utakuta 345 ama 319.5. Binamu mwengine alikuwa ametuletea sensa ya ziada kutoka Marekani, nzuri mashaallah, ya 345. Hiyo haitashikana na paneli ya 433 hata uisomee dua, ni sawa na kutafuta kituo cha 105 kwenye redio uliyoiweka 90. Na nambari zikilingana bado haitoshi, kwa sababu kila kampuni ina lugha yake. Uliza dukani: sensa hii inaelewana na paneli hii?

Pili, betri. Kuna kile kiplastiki chembamba ambacho lazima kivutwe ndipo umeme upite. Halafu angalia vyuma vinavyoshika betri, hewa yetu ya chumvi hula chuma haraka.

Tatu, paneli lazima iwekwe katika hali ya kujifunza, na hali hiyo hudumu muda mfupi tu. Ukiiweka, tenganisha sumaku na sensa papo hapo, usubiri paneli ijibu kwa mlio ama kwa jina jipya kwenye orodha. Nina hakika hapa ndipo fundi wetu aliporuka. Tulipofanya hivyo, zikashikana.

Nne, na hili ni letu watu wa Mji wa Kale: kushikana mezani si kushikana mlangoni. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana, na mlango ukiwa na geti la chuma ndio zaidi. Ujumbe unachoka njiani. Ilibidi tutoe paneli chumbani tuilete karibu na ngazi, ndipo mlango wa chini ukasikika.

Mtaniambia, "Bro, fundi ni kijana wetu wa mtaa, ana watoto, utamkaliza mlangoni umpime kama mwizi?" Nawasikia. Sisi watu wa Pwani tuna haya. Mtu akishakunywa chai yako, kumwambia "ngoja kidogo tujaribu" twaona ni kumvunjia heshima. Lakini kinyozi hukupa kioo kabla hujalipa, na hakuna anayekasirika. Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuonyesha. Anayekuwa na haraka, haraka yake ishakujibu.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza kutuma: funga mlango, washa alamu, mtu mmoja abaki juu na mzee wa nyumba, mwengine ashuke afungue mlango. Kikilia, lipa na umshukuru. Kisipolia, chai iendelee na kazi iendelee. Halafu rudieni kila mwezi, kwa sababu betri haiagi ikiondoka.

Mamkubwa sasa ana alamu inayolia, majirani wote wa Kuze ni mashahidi, tuliwaamsha. Na komeo la mbao tumemwambia alirudishe.

Je, kwenu mumeijaribu lini mara ya mwisho?